Kitalu cha miti ya Kijapani huku Oregon, Marekani: nyota tatu na nusu

Mzee wa kitalu alinyofoa sindano kwenye tawi la msonobari, akanitilia kiganjani, akaniambia nihesabu. Zilikuwa mbili, zimeshikana kwenye kishina kimoja. Akasogea hatua tatu mpaka kwenye msonobari mwingine, ambao kwa macho yangu ulikuwa uleule, akanyofoa tena. Nikahesabu tano. “Wenye mbili upe jua lote ulilo nalo,” akasema. “Wenye tano ukiupanda penye joto kali utakununia.” Siku hiyo sikununua kitu. Nilirudi nyumbani na sindano saba kwenye mfuko wa koti, na mpaka leo nikifika kwenye kitalu chochote, kazi ya kwanza ni kunyofoa na kuhesabu.

Jina la kitalu sitalitaja. Ni biashara ya familia, wamenifaa kwa mengi, na kuna jambo moja walinitenda ambalo nitalisema waziwazi. Kiko upande wa kusini mwa Portland, kwenye mashamba ya bonde la Willamette, ambako vitalu vya miti ni vingi kama mabanda ya mboga njia ya Mombo kwenda Lushoto. Naishi Gresham, mashariki ya Portland. Kazi yangu ni kuangalia wazee usiku kwenye nyumba ya kulelea, na ua wangu wa nyuma ni hatua kumi na mbili kwa tisa, umezungushiwa ubao.

Kilichonitia wazimu huu ni ile bustani ya Kijapani iliyo Washington Park, mjini Portland, ambayo aliichora Profesa Takuma Tono mwaka 1963 mahali palipokuwa bustani ya wanyama. Nilikwenda Januari asubuhi nikitoka zamu, manyunyu yananyesha, ua hata moja halikuwepo. Na bado bustani ilikuwa imetimia. Nilikaa pale karibu saa nzima najiuliza inawezekanaje. Kumbe karibu kila kilichonizunguka kilikuwa cha kijani mwaka mzima: misonobari, mierezi, kamelia, azalia zilizokatwa zikawa kama migongo ya kobe. Ile michanga iliyochorwa kwa reki na taa za mawe ndivyo vinavyopigwa picha. Lakini miti isiyopukutisha majani ndiyo nguzo na fito za nyumba. Momiji, ile miti inayopukutisha, zinazowaka nyekundu mwezi wa kumi ni udongo wa kukandikia tu. Mimi nilikuwa nimepanga kuanza na udongo.

Nilipoanza kununua ilikuwa Oktoba 2021. Wanaoishi huku wanakumbuka Juni ya mwaka ule, tarehe 28, Portland ilipofika nyuzi 46.7, joto ambalo hata Tanga hatujawahi kulisikia. Pale kitaluni miti mingi ilikuwa imeungua upande wa magharibi. Sugi moja, yaani mwerezi wa Kijapani, refu kunizidi, ilikuwa kijani upande mmoja na rangi ya chai ya maziwa upande wa pili, kama imegawanywa kwa rula. Walikuwa wameiwekea nusu bei, dola 60. Mzee akanipeleka upande ulioungua, akafunua matawi, akanionyesha vichipukizi vidogo kama punje za mtama vimetoka kwenye mti mkavu. “Sugi inachipua kwenye gamba la zamani. Chukua. Ingekuwa hinoki ningekukataza.”

Hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote niliyopata kwao, na wengi hawalijui mpaka wameshaharibu. Sugi ukiikata inarudi. Kule Kitayama, karibu na Kyoto, kwa karne nyingi wameikata kwenye shina na kuacha machipukizi yapande juu yamenyooka, wakavuna nguzo bila kung’oa mti. Hinoki, mti mwingine wa Kijapani, ingawa sura yake inafanana na ya ndugu wa sugi, ukikata mpaka ukapita sehemu yenye majani, pale patabaki kigutu maisha yote. Kwa hiyo hinoki unainunua ikiwa na umbo unalolitaka, unaipunguza ncha kidogokidogo kila mwaka, na mkasi mkubwa unauficha. Sugi yangu leo imefunga kote. Ikifika Desemba inageuka rangi ya shaba, na mgeni wa kwanza aliyeiona alinipa pole akidhani inakufa.

Hinoki niliyochukua ni ile ndogo iitwayo Nana Gracilis, majani yake yamejikunja kama makombe. Kabla ya kulipa geuza jani utazame chini yake: utaona alama nyeupe za herufi Y, ndogo mno, kama mtu kazichora kwa sindano. Ndiyo hinoki. Ukikuta alama kama X, au kipepeo, hiyo ni sawara, mti mwingine, unaokua upesi. Nilizikuta sawara mbili zimechanganywa kwenye meza ya hinoki. Sidhani walikusudia. Nilimwonyesha kijana wa kaunta, akasema “oo,” akaendelea na simu yake.

Na sasa lebo. Lebo ya hinoki yangu inasema kimo ni futi tatu hadi nne. Maandishi madogo chini yanasema: baada ya miaka kumi. Hayasemi mwaka wa kumi na moja mti utafanya nini. Utaendelea kukua, ndicho utakachofanya! Miti hii haina siku ya kustaafu. Nimewaona watu wanaipanda chini ya dirisha, sentimita thelathini kutoka ukutani, kwa sababu lebo imewaambia ni mbilikimo. Wauzaji wote wa miti ya aina hii wanaandika hivyo, si hawa peke yao, lakini duka lenye mzee anayejua kiasi kile lingeweza kubandika karatasi moja ukutani kuwaeleza wateja. Nimewatoa nusu nyota.

Mtu wa pili wa kumtafuta pale, na huenda ndiye wa kwanza, ni ndugu mmoja kutoka Bukavu anayeshughulikia miti ya vyunguni. Alinisikia nikiongea na simu, akaja. “Mama, unatafuta nini?” Nikamwambia, kaka, natafuta kamelia. Bila kuongeza neno akashika chungu, akakilaza, akakigonga kwa kiganja mara mbili, mti ukatoka mzima na donge lake. Mizizi ilikuwa imezunguka chungu kama kamba ya ndoo iliyokunjwa. “Hii hapana.” Akatoa wa pili, wa tatu. Wa nne udongo ulionekana, na mizizi myeupe imechungulia pembeni tu. “Hii iko muzuri.” Tulicheka wote wawili, yeye na Kiswahili chake na mimi na changu. Tangu siku hiyo sinunui mche ambao muuzaji anakataa kuuvua chungu. Kama wenye kitalu wanasoma hapa: mwongezeeni mshahara.

Kamelia niliyochukua ni sazanka, aina ya Yuletide, maua mekundu ya kawaida yenye manyoya ya njano katikati, yanafunguka Desemba wakati kila kitu kimejikunyata. Kuna kamelia nyingine, tsubaki, ya maua makubwa yanayopendeza zaidi dukani. Tofauti yake utaijua yakianguka. Tsubaki huangusha ua zima, puu, likalala chini limetazama juu, na husemwa kwamba wapiganaji wa zamani hawakulipenda kwa sababu lilifanana na kichwa kilichokatwa. Sazanka hudondosha petali mojamoja. Mimi nimechagua kwa sababu ya ufagio: petali za sazanka hukauka na kupotea, maua ya tsubaki yanaoza yakawa kama ganda la ndizi. Isitoshe, kamelia ni ndugu wa damu wa mchai. Shika jani lake, lile gumu linalong’aa, lenye meno madogo pembeni, halafu niambie hujaona mashamba ya Usambara.

Nilimpigia mjomba wangu Lushoto kumweleza habari ya ukoo huu wa miti. Alifanya kazi ya msitu enzi zake.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Baridi ya huko haijakumaliza?”

“Bado mjomba. Nataka kupanda podo.”

Kimya. Kisha kicheko mpaka akakohoa. “Umevuka bahari kwenda Marekani kupanda podo? Si ungebaki Magamba ukapanda bure!”

Lakini ni kweli. Wajapani wana mti unaoitwa inumaki, majani marefu membamba ya kijani kizito, wanaukata ukawa kama mawingu yamekaa kwenye tawi, na huo ni jamaa wa podo zetu; mojawapo hata kwenye jina lake la kitaalamu imebeba Usambara. Kitaluni walikuwa nao, dola 140, nikautaka kwa moyo wote. Mzee akauliza naishi wapi. Nilipotaja Gresham akautoa mti kwenye toroli langu kwa mikono yake. Huku kwetu wakati wa baridi upepo wa mashariki unashuka kwenye bonde la mto Columbia kama umefunguliwa bomba. Mti wa kijani mwaka mzima haulali: majani yanaendelea kutoa maji, upepo unayapeperusha, na mizizi iliyo kwenye udongo ulioganda haiwezi kuvuta mengine. Majani yanakufa kwa kiu katikati ya mvua. Alisema angeniuzia kama ningekuwa na ukuta wa nyumba upande wa mashariki. Sina. Duka linalokataa dola 140 zangu lina nyota yangu nzima hapo.

Nije kwenye kero.

Msonobari wangu ni kuromatsu, ule wa sindano mbili, ngumu, zinazochoma. Kwao unaota ufukweni, unapigwa na chumvi na dhoruba, ndiyo maana upepo wa Gresham hauutishi. Wajapani wanauita dume, na akamatsu, wenye magamba mekundu na sindano laini, ndio jike. Nililipa dola 285, kwa kazi yangu hizo ni zamu mbili za usiku. Niliupenda kwa tawi moja la chini lililojitokeza upande wa kushoto likainama kidogo kama mkono wa mtu anayekukaribisha ndani. Ulikuja na donge limefungwa gunia na kikapu cha waya. Mzee siku hiyo hakuwepo. Kijana aliyenihudumia alinambia nichimbe shimo, usawa wa juu wa donge ulingane na ardhi, nikate waya na gunia la juu, nifukie. Nikafanya hivyo hivyo.

Mwaka wa pili sindano zikaanza kupauka. Nikaongeza maji, zikazidi. Mwisho nikachukua kijiko cha chakula, nikapiga magoti, nikaanza kuchimbua kwenye shina. Mti wowote, ukitazama unapoingia ardhini, hutanuka chini kama mguu wa tembo. Wangu ulikuwa umenyooka kama mlingoti. Nikachimba vidole vinne, vidole sita, kiganja kizima, ndipo nikafika mahali shina linapotanuka. Ulikuwa umefukiwa ndani ya donge lenyewe, kabla haujafika kwangu, na juu ya udongo ule wa ziada mti ulikuwa umeotesha vimizizi vimeuzunguka shingo. Kwa hiyo usawa wa juu wa donge ulikuwa uongo. Ilitakiwa mtu afungue gunia na kutafuta mguu wa tembo kwanza, apime kina cha shimo kutoka hapo.

Nilirudi na picha. Waranti yao ni mwaka mmoja. Nilikuwa nimechelewa miezi mitano. Walinijibu kwa adabu, lazima niseme, lakini jibu lilikuwa lile lile: karatasi inasema mwaka. Nikawauliza, mti uliozibwa shingo utaonyesha lini, wiki ya pili? Wakanipa punguzo la asilimia ishirini kwa mti mwingine, yaani nilipe tena ili nifarijike. Mzee nilipomkuta wiki nyingine alitazama picha, akatikisa kichwa, akanifundisha kukata vile vimizizi vya shingoni na kuondoa udongo polepole. Msonobari umepona. Tawi la kushoto lilikufa. Huo mkono wa karibu ndani ndio nilioulipia, na nyota nzima imeondoka nao.

Azalia ziko kwenye kivuli cha wavu upande wa nyuma, na hapo mwende na macho. Geuzeni majani. Kuna mdudu mdogo mwenye mabawa kama kitambaa cha lesi, anakaa upande wa chini, ananyonya, na juu jani linabaki na madoadoa meupe kama limemwagiwa unga. Chini utaona vitone vyeusi vya kinyesi. Nilikuta trei nzima. Ndugu wa Bukavu aliibeba dakika ile ile kuipeleka nyuma, na nikachukua azalia tano za aina ya satsuki kwenye meza nyingine, dola 18 moja. Satsuki huchelewa kuchanua, ndiyo maana zina jina la mwezi wa tano wa kalenda ya zamani. Ukitaka zile za migongo ya kobe, panda miche karibukaribu, ikutane, halafu uikate kama kitu kimoja, mara tu maua yakiisha. Mimi nilikata Septemba, nikakata na matumba ya maua ya mwaka unaofuata yote. Juni iliyofuata nilikuwa na kobe wa kijani kitupu, na nawaambia ukweli, niliwapenda zaidi kuliko mwaka walipochanua pinki ya kelele.

Vingine nipite haraka. Nanten, kichaka chembamba, Wajapani wanapanda karibu na mlango kwa sababu jina lake linasikika kama kugeuza mabaya; zuri, jembamba, linafaa kona, lakini vitunda vyake vyekundu vina sumu na vimeua ndege, kwa hiyo mimi huvikata kabla havijaiva. Asebi, kichaka kingine, kwa Kijapani huandikwa kwa alama za farasi na ulevi, maana farasi akiila hupepesuka. Kama una mbuzi, acha. Mianzi ya kutambaa, nawasihi, usiipande hata ukipewa bure. Ryu no hige, ndevu za joka, majani membamba ya kuziba ardhi chini ya miti, wanauza dola 6 kichungu kidogo, na imechukua miaka mitatu kufungana. Hapo waliniambia ukweli tangu mwanzo.

Koke je, ule ujani laini kama zulia juu ya mawe? Wanauuza kwa trei, na karibu niununue. Kisha nikakumbuka jirani yangu kila Machi anamwaga dawa kuua koke kwenye nyasi zake. Nilimwomba, akaniangalia kama nimemwomba takataka, akaniachia niibandue kwa koleo yote. Jirani huyo huyo ana mti wa Douglas nyuma ya uzio wetu, mrefu kama mnara. Wajapani wana neno, shakkei, kuazima mandhari: unapanga chako ili kilicho nje ya ukuta kiingie ndani kwa macho. Nimepunguza kilele cha sugi kidogo ili ule mti uonekane katikati. Haujui, na jirani pia hajui.

Mambo ya huduma: kupelekewa mzigo ni dola 75 hata kwa mti mmoja, bora uombe rafiki mwenye pikapu. Nendeni Oktoba, mvua zikianza, mizizi ipate miezi ya kunywa kabla ya kiangazi; wengi wanakwenda Mei kwa sababu kunapendeza, halafu Agosti wanalia na mpira wa maji mkononi. Muulize mzee, na kama hayupo msubiri ndugu wa Bukavu, yuko Jumanne hadi Jumamosi. Mti wenye gunia usiulipie kabla hawajalifungua mbele yako ukaona mguu wa tembo; wakikataa, ondoka. Mimi nitarudi mwezi wa kumi kuchukua sazanka ya pili, nyeupe, nimeshaiwekea alama ya uzi. Toroli lenye tairi la njano liacheni, linavuta kushoto.